Mabalungi ya Baba Benita

Johannesburg, 3 Machi 2025

Mama Benita,

Nimekuwekea barua hii ndani ya mfuko wa dawa kwa sababu leo dirishani ulitikisa kichwa kwa kila nilichosema. Nilipokuuliza kama una swali, ukatikisa kichwa. Nilipokuuliza umekuja na nani, ukatikisa kichwa vilevile. Karatasi iliyomo ndani ya boksi ni ya Kiingereza, tena maandishi yake madogo kama chawa. Mimi ni Mkenya, Kiswahili ninacho, kwa hiyo hebu tusaidiane. Soma polepole ukiwa umekaa.

Daktari amekueleza kwamba saratani ya titi imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Dawa hii haitaiondoa. Nakwambia mapema, asije mtu mwingine akakupa matumaini ya bure halafu ukanilaumu mimi. Kazi yake ni kuizuia isisonge, na wapo akina mama wanaoishi nayo miaka, wanafanya kazi, wanalea. Si kemo, ile dawa kali ya kutundikiwa mshipani. Kemo hupiga kila inachokikuta. Hii imetengenezwa kulenga kitu kimoja tu ndani ya seli za saratani, kile kinachoziamuru zigawanyike. Wewe ni fundi wa cherehani, utanielewa: ni kufumua mshono mmoja bila kuchana gauni zima.

Vidonge vikubwa ni vitatu, vyote kwa pamoja, mara moja kwa siku, saa ileile. Chagua asubuhi na utie kengele kwenye simu. Vimeze vizima, usivitafune wala kuviponda. Siku ishirini na moja unameza, siku saba unapumzika, halafu tunaanza upya. Kile kidogo cha njano hakina mapumziko, ni kila siku. Ukitapika, usirudie. Ukisahau, usifidie kesho kwa kumeza sita. Homa ni dharura: ikifika thelathini na nane uje siku hiyohiyo, hata Jumapili, usingoje ibada iishe. Dawa hii hushusha chembe za damu zinazopigana na maradhi, na hugusa mapigo ya moyo. Ndiyo maana tutakuwa tunapima vyote viwili.

Na hili nimeliandika kwa wino mwekundu: USILE BALUNGI, wala usinywe maji yake. Chungwa la kawaida halina neno. Balungi hulizuia ini lisiivunje dawa, dawa ikajazana mwilini, moyo ukapoteza mpangilio. Komamanga nalo liache.

Una swali? Andika, ulete tarehe 17 ukija kupimwa damu. Kwenye karatasi hakuna atakayekuangalia usoni.

Jelimo, mfamasia, dirisha la tatu


Yeoville, 17 Machi 2025

Sista Jelimo,

Aksanti kwa barua. Nimeisoma mara nne. Ni kweli nilitikisa kichwa. Nilikuwa naangalia mdomo wako unavyofunguka na kufunga, maneno siyasikii.

Nameza saa moja asubuhi, Benita akishaenda shule. Ana miaka kumi na sita na hajui. Mume wangu Lambert naye hajui. Yeye ni mlinzi huko Limpopo, kwenye kiwanda cha kupakia matunda, anakuja nyumbani siku mbili tatu akipata nafasi, kisha anarudi. Vidonge nimevihamishia kwenye kikopo cha vitamini ambacho nilikibandua karatasi yake. Boksi nimelichoma. Hukunikataza, lakini nadhani ungenikataza.

Yule aliyenitoa damu leo aliniuliza najisikiaje, nikasema vizuri. Si uongo wala si kweli. Sijisikii kitu. Nashona. Wiki iliyopita nilimaliza sare za kwaya, magauni ishirini na mawili, na nilipoyakunja sikukumbuka kulishona hata moja. Mama Murielle aliyekuja kuyachukua alinisifu, nami nikageuka nyuma kuona anamsifu nani. Mwezi wa pili muganga wa hospitali aliponiambia ile habari ya mifupa, nilimuuliza kama naweza kuendelea kukanyaga cherehani. Akasema ndiyo. Basi nikatoka, nikanunua uzi mweupe, nikaenda dukani nikafungua. Mpaka leo sijalia. Hiyo ni kawaida? Ndilo swali langu la kwanza.

La pili, tumbo linachafuka mpaka saa nne. La tatu, nywele zinabaki kwenye kitana. Hilo la tatu si haraka.

Usinipigie simu. Simu yangu inakaa juu ya meza dukani na kila anayepita anaipokea.

Masika, Mama Benita


Johannesburg, 31 Machi 2025

Mama Benita,

Kwanza, mimi si sista, ni mfamasia, lakini niite upendavyo. Hapa hata mlinzi wa geti anaitwa daktari na anaitika.

Kabla ya vidonge kula mkate kidogo au uji, tumbo litatulia. Nywele zitapungua lakini hazitaisha. Damu yako imeshuka kidogo, kiasi tulichokitarajia, na moyo wako uko sawa kabisa. Leo unaanza mzunguko wa pili.

Kutolia ni kawaida. Kuna wanaolia siku ileile na kuna wanaokuja kulia mwaka unaofuata wakiosha vyombo. Usijilazimishe, wala usijione una roho ya jiwe.

Kikopo cha vitamini sikipendi hata kidogo. Siku ukizidiwa ukaletwa hapa huwezi kusema, nani atawaambia unameza nini? Nani anakushika paji la uso kujua una homa? Mwambie mumeo. Mtu anayesimama getini usiku kucha na rungu hawezi kushindwa kusikia neno moja.

Jelimo


Yeoville, 28 Aprili 2025

Sista Jelimo,

Lambert amejua. Yaani amejua kitu, lakini si chenyewe.

Alikuja Pasaka. Jumamosi saa moja kengele ya simu ikalia, nikaingia nyuma ya pazia na kikopo changu kumeza. Nilipotoka alikuwa amesimama pale. Lambert ana miaka kumi na saba nchi hii. Wewe pia unaishi hapa, unajua: mtu akiwa na kengele ya kila asubuhi na vidonge vya kujificha, nani asiyejua maana yake? Anasema kwenye chumba chao cha walinzi wako watatu wenye kengele kama hiyo, na hakuna anayeuliza. Akavaa viatu akatoka. Akarudi mchana, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia, "Mama Benita, nimeiona dawa. Sitaki kujua ni nani aliyekupa ugonjwa. Nimeshakusamehe."

Nilifungua mdomo nimwambie. Halafu nikafikiri, ule ugonjwa watu wanaishi nao. Mama Marthe wa kanisani kwetu anao miaka kumi na minane, amenenepa, anacheza kwenye harusi kuliko bibi harusi. Hakuna anayemsengenya. Huu wangu nikiutaja tu, Lambert ataanza kunizika siku hiyo. Ataongea na mimi kwa sauti ya matanga. Kwa hiyo nikainamisha kichwa. Akadhani ni aibu.

Sista, nimeolewa miaka kumi na tisa na sijamjua mwanamume mwingine. Niliinamisha kichwa nikakubali, na sikusikia kitu, kama vile ni jirani yangu anasemwa.

Tangu hapo ananihurumia. Jana alipanda lori la kazini akaja tena, siku ambayo si yake, ameniletea matunda. Ananimenyea mwenyewe. Usinigombeze, nitamwambia. Si sasa.

Masika


Letsitele, 13 Mei 2025

Kwa Madame Jelimo, mfamasia, dirisha la tatu,

Kwa heshima zote. Mimi naitwa Lambert, ni mume wa Masika, yule mshonaji wa Yeoville. Jina lako nimelikuta kwenye kadi yake ya tarehe za hospitali. Barua hii anakuletea Octave, dereva anayepeleka matunda yetu soko la Johannesburg. Ni mtu wa siri.

Najua hali ya mke wangu. Hakuniambia, niliona mwenyewe. Nimejipima hapa kliniki mara mbili, sina virusi. Mara ya kwanza nilifurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Alivipata wapi sijui, na nimejikataza kujua. Siku ileile nilimwambia nimemsamehe, lakini niliporudi huku nililia siku mbili ndani ya kibanda cha geti, na siku ya tatu ndipo nikamsamehe kweli. Usidhani mimi ni mtu mwema sana. Nilijaribu kuifikiria nyumba bila yeye, nikaona siiwezi.

Wenzangu watatu hapa wanameza na wanapiga zamu kama mimi. Kwa hiyo kifo sikiogopi, naogopa tu kumkosea kwa kutojua. Nakuomba unielekeze. Ale nini? Wenzangu wanasema vitamini huimarisha damu. Huku kwetu ni msimu wa mabalungi, yale mekundu ndani. Yenye madoa kwenye ganda wanunuzi wa ng'ambo wanayakataa, na sisi tunaruhusiwa kuyachukua. Nimeshamtumia magunia mawili. Nimemwambia ale mawili asubuhi na mawili jioni. Nikiwa nyumbani namenya mimi.

Madame, anayala yote. Masika hakuwa mtu wa vitu vichungu, hata kahawa anatia sukari vijiko vitatu. Lakini haya anayala mpaka maji yanamtiririka kwenye kiwiko. Tukikaa hivyo, mimi namenya yeye anakula, hatusemi neno, lakini ni kama tunazungumza. Kwa muda mrefu hatukuwa tunazungumza.

Swali langu ni hili: je, niongeze?

Lambert


Johannesburg, 16 Mei 2025

Masika,

Nimekuja mwenyewe mpaka dukani kwako, nimekuta umefunga. Napitisha barua hii chini ya mlango.

Mumeo ameniandikia. Sijamjibu. Siri yako si yangu kuitoa, hata kama inanichoma. Anadhani nakutibu ugonjwa usio wako, na ananiuliza kama aongeze mabalungi. Mabalungi manne kwa siku!

Jumatatu ulipoanguka kwenye foleni ya damu na kipimo cha moyo kikatoka kibaya, daktari akasimamisha vidonge palepale, nilirudi nyumbani sikulala. Nilipitia kila kitu nilichokupa tangu mwezi wa tatu, nikidhani kosa ni langu, labda nimehesabu vibaya, labda nimekosea kuandika. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha langu, unaniangalia nikihangaika, na ulikuwa unajua. Niliandika kwa wino mwekundu, Masika. Nawe ukaniandikia "matunda". Nikasoma, nikafurahi, ati mume anamenya matunda. Mjinga mimi.

Daktari nimemwambia habari ya mabalungi. Nisingeweza kunyamaza. Dawa hii unaipata kwa mpango maalumu, nafasi zake hazijai mkono, na mgonjwa asiyefuata maelekezo hutolewa akawekwa mwingine. Tarehe 21 wanakaa kuamua kama utabaki. Wataniuliza kama mabalungi yamekwisha. Niwajibu nini?

Na mimi nataka kujua kwa nini. Si kwa ajili yao.

Jelimo


Yeoville, 19 Mei 2025

Sista Jelimo,

Nilijua. Tangu gunia la kwanza nilijua.

Nilitaka kukuandikia kwamba kama ningekataa, Lambert angeniuliza mbona wenzake wenye virusi wanakula, na uongo wangu ungefumuka. Ni kweli kidogo. Lakini uongo mwingine ningeupata, mimi si mtu wa kukosa uongo. Ningesema muganga amekataza vitu vichungu, basi, yangeisha.

Sababu ni nyingine. Lambert anamenya kwa kile kisu chake cha kazi. Anatoa ganda, halafu anatoa ile ngozi nyeupe, kipande kwa kipande, ananitia mkononi. Hajawahi kunimenyea kitu maishani. Nikatia kipande cha kwanza mdomoni, na kilikuwa kichungu. Nilikisikia, Sista. Tangu mwezi wa pili chakula changu ni karatasi. Benita akinikumbatia ni kama ananikumbatia juu ya makoti matano. Kile kipande kilikuwa kichungu kweli, mpaka masikio yakauma. Nikataka kingine. Wakati mwingine moyo ulikuwa unaruka hapohapo nikiwa nakula, nikawa najua ni nini, nikaendelea. Sikutaka kufa. Usiwaambie nilitaka kufa. Nilitaka kusikia kitu.

Siku ile nilipoanguka niliona viatu vya watu, na nikafikiri kwamba shati la shule la Benita liko kwenye kamba na mvua inakuja. Hilo tu. Halafu nikaogopa, lakini kwa mbali, kama mtu anayeogopa kwenye nyumba ya pili.

Waambie yamekwisha. Yaliyobaki nimempa Mama Murielle na watoto wake. Waambie nataka kubaki kwenye mpango. Nimesema "nataka", na ni kitu cha kwanza ninachokitaka tangu mwezi wa pili, kwa hiyo nakuomba uwaambie vizuri.

Leo namwandikia Lambert. Kwa simu sitaweza.

Masika


Yeoville, 19 Mei 2025

Baba Benita,

Kaa kwanza. Usisome ukiwa umesimama.

Sina virusi. Sijamjua mwanamume mwingine, wala kwa mwili wala kwa mawazo. Nina saratani ya titi, na imeshatoka kwenye titi imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Ndiyo maana nilikuwa sibebi ndoo, si uvivu kama ulivyonitania Krismasi. Nimejua tangu mwezi wa pili. Vidonge ni vya hiyo. Haviponyi, vinazuia tu, na hakuna anayejua vitazuia mpaka lini.

Ulipodhani vile ulivyodhani, nilikuacha udhani. Uliniangalia kama mtu mwenye kosa ambaye ataishi. Nikaona afadhali hivyo.

Mabalungi hayapatani na dawa yangu. Yanaijaza mwilini na moyo unaharibika. Nilianguka hospitali kwa ajili hiyo na dawa imesimamishwa. Wewe hukujua. Mimi niliambiwa tangu siku ya kwanza na nikala. Usijilaumu hata kidogo, na usimlaumu yule mfamasia.

Usilete kitu. Njoo tu.

Masika


Letsitele, 24 Mei 2025

Masika,

Octave alinipa barua yako saa nane mchana. Niliisoma getini. Malori mawili yakaingia sijayaandika, msimamizi akanipigia kelele.

Mwezi mzima nimekuwa nikimshukuru Mungu kwamba ni ule ugonjwa. Nilikuwa nampigia magoti kwa nguvu aliyonipa ya kukusamehe. Niliona nimekuwa mwanamume mkubwa. Sasa huo msamaha niupeleke wapi? Hukukosa. Aliyekosa ni nani? Kwa mikono yangu nimekulisha kitu cha kukuua, na wewe ulikuwa unakipokea huku unaniangalia machoni. Umenifanya mjinga na muuaji kwa kisu kimoja.

Ningependa ungekuwa umelala na mwanamume. Nimeandika hivyo na sifuti.

Nakuja tarehe 31. Sijui nitasema nini. Usipike.

Lambert


Johannesburg, 2 Juni 2025

Mama Benita,

Naandika haya ingawa nimeyasema leo dirishani, kwa sababu mlikuwa mmenuniana na sijui nani kati yenu alinisikia. Mumeo alisimama nyuma yako, kofia mkononi, anaangalia dari. Wewe ulikuwa unaangalia kofia.

Moyo wako umerudi kwenye mpangilio. Wamekubali ubaki. Haikuwa rahisi, na sitaki kukueleza nilivyoomba. Unaanza tena leo, lakini sasa ni vidonge viwili, si vitatu. Usidhani vitatu vingefanya kazi haraka zaidi. Kile cha njano kama kawaida. Damu na moyo tutapima kila wiki mpaka daktari aridhike. Vidonge vikae ndani ya boksi lake lenye jina, juu ya meza, mahali ambapo mtu akiingia anaviona. Hilo ni sharti la mpango, nimelitunga mimi mwenyewe.

Sharti la pili si langu: lazima awepo mtu mzima nyumbani anayejua. Mumeo ametia sahihi.

Jelimo


Yeoville, 9 Juni 2025

Sista Jelimo,

Ni kweli tulikuwa tumenuniana. Acha nikueleze.

Lambert alifika Jumamosi ile, Benita akiwa kwa rafiki yake huko Malvern. Akakaa kwenye kiti cha wateja, sisi wawili tu. Nilijua nitaletewa ile sauti ya matanga. Badala yake mimi nikamuuliza kitu ambacho sikujua nilikuwa nacho. Nikamwambia, "Ulidhani ni nani? Sema jina." Akakataa. Nikamwambia hatoki humu bila jina. Akasema, "Bakiri."

Bakiri! Yule mzee anayeniuzia vitenge! Ana meno manne na anatembea na mto wa kukalia. Sista, nilikasirika. Nilikasirika mpaka mkasi ukaniponyoka. Nikamwambia, miaka kumi na tisa, na kengele moja ya simu ikatosha? Hukuuliza hata swali moja? Hivyo ndivyo ulivyonijua? Naye akasimama, akasema na mimi je, uliniacha niamini, uliniacha nijisifu mbele ya Mungu kwa kosa ambalo halipo, eish, wewe mwanamke una roho gani! Nikamrushia mto wa pini. Akaupiga teke. Jirani akagonga ukuta, akatuuliza tunauana au vipi, na Lambert akamjibu kwa Kizulu neno ambalo mlinzi wa mali za watu hapaswi kulijua. Tukagombana mpaka koo zikakauka. Hakuna hata mara moja aliyoongea na mimi kama mgonjwa.

Baadaye alilia, mimi sikulia. Asubuhi ganzi yangu ilirudi, ipo na sasa ninavyoandika. Lakini mkono wa kulia unaniuma tangu nilipotupa ule mto, na nafurahi unauma. Lambert yuko hapa kwa likizo ya wiki mbili, na ameomba zamu ya huku Hillbrow, kulinda mlango wa maghorofa. Akipata atahamia. Akikosa ataacha.

Sasa nina ombi, na ni kubwa kuliko yote.

Tunataka kumwambia Benita. Hatuna lugha. Amezaliwa hapa. Kwa Kiswahili chetu anajua njoo, kula, leta, lala, Mungu akubariki. Kiingereza changu mimi ni cha sentimita, zipu na Jumanne uje uchukue. Cha Lambert ni cha getini: jina lako, namba ya gari, unamtembelea nani. Miaka kumi na sita tumemlea kwa hayo na hatukupungukiwa. Akiumwa tunamshika, akikosa tunamkazia macho, anaelewa. Jana usiku tulikaa mimi na baba yake tukajaribu kuitafuta sentensi moja tu ya kuanzia, hatukuipata. Lambert alisema mfamasia amwambie kwa niaba yetu. Nikakataa. Mimi ndiye mama yake, atasikia kwa mdomo wangu.

Niandikie kwa Kiingereza. Sentensi fupi, sita au saba, zisizo na maneno ya hospitali. Ya kwanza iwe yenye jina la ugonjwa, nisije nikaishia njiani. Usiandike kwamba nitapona. Usiandike kwamba nitakufa. Chini ya kila moja weka maana yake kwa Kiswahili, ili nijue namwambia nini mtoto wangu wakati namwangalia. Tutazisoma kila asubuhi, mimi na Lambert, mpaka zikae mdomoni. Ana mtihani Ijumaa, kwa hiyo tumepanga Jumamosi. Nitapita dirishani kesho kuzichukua.

Na ukurasa wa pili, Sista, andika maswali ambayo watoto huuliza wakiambiwa. Kwa Kiingereza vilevile, na maana yake. Nikimaliza kusema atanijibu, na nataka nielewe ameniuliza nini.

Masika